Benchi la Mwalimu Aikande

Mwalimu Aikande alishuka kwenye pikipiki mbele ya baraza langu, akaweka begi chini, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa kwenye cherehani yangu:

"Shikamoo mzee. Samahani, Ujiji mjini ni mbali kutoka hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Umeikanyaga."

Akacheka. Jamani, akacheka! Kicheko cha Aikande hakisimuliki, ila nitajaribu. Kinaanza chini kama injini ya boti inayokataa kuwaka, kinakohoakohoa, halafu kinashika, na kikishashika hakuna wa kukizima. Siku ile nilijichoma sindano kidoleni kwa kumcheka anavyocheka, na chumba cha uani nikampangisha kabla hajauliza kama kipo.

Ni Mpare wa Same. Serikali ilimpanga Kigoma afundishe somo la Uraia, na mama yake aliposikia ni kule reli inakoishia, akamfungia kiroba cha mahindi na maharage ya kupikia makande, kana kwamba huku tunakula mchanga. Kiroba kile kilichekwa uani kwangu mpaka kikaisha. Sisi watu wa ziwani tuna migebuka, tuna dagaa, tuna ugali wa muhogo na mawese. Mtu anayeshinda na moto kuchemsha mahindi na maharage ilhali samaki wanapita mlangoni, tulimwona kama yuko kifungoni. Mke wangu Mwanvua alimwuliza, "Mwalimu, ulikosa nini hata ukahukumiwa makande?" Injini ikawaka, majirani wakatoka nje kutazama.

Sasa, huyu Aikande alipelekwa Dodoma kwenye semina, akarudi na neno jipya. Uraia wa dunia.

"Yaani mtu anakuwa raia wa dunia nzima?" nikamwuliza.

"Ndiyo, Mzee Mwinshehe."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Haina ofisi."

"Basi hata foleni haina. Niandikishe."

Hakuniandikisha, lakini alianzisha warsha. Kila Jumamosi, darasa la kidato cha tatu, lile linalotazamana na baraza langu, viti vinasukumwa ukutani na watoto wanakaa duara. Hakuna kuandika ubaoni. Wanaigiza, wanabishana, wanachora. Jumamosi moja aliwaambia kila mmoja atafute shati lake limetoka nchi gani. Watoto wakageuza kola, wakasoma vitambulisho vya nguo, kumbe darasa zima limevaa mitumba iliyotembea kuliko walimu wao. Mmoja shati lake lilishonwa bara moja, likavaliwa bara jingine, likaishia Ujiji. Wakachangamka hasa, wakaanza kufumua na vitambulisho vyenyewe ili wavibandike kwenye ramani. Jioni nilipanga foleni ya kola zilizochanika kutoka mlangoni hadi kwenye mti wa mwarobaini. Nilishona nikiimba. Uraia wa dunia una faida zake.

Ilikuwa mwaka ule uliofuata baada ya wenzetu wa Burundi kumwagika Kagunga. Kagunga ni kijiji chembamba, kimebanwa kati ya mlima na ziwa, na watu walikijaza hadi hapakuwa na pa kuweka mguu. Meli ikawa inawachota kidogo kidogo kuwaleta Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambini, upande wa Kasulu. Katika hao walikuwamo mapacha wawili, Agnesi na Eliakimu. Kwao, kama kwa Waha wetu, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru na anayefuata huitwa Butoyi. Agnesi ndiye Bukuru, na hakuacha mtu asahau.

Shangazi yao aliolewa na mvuvi wa Bangwe, hapa hapa Kigoma, tangu zamani, akamwombea Agnesi kibali akae kwake asome. Eliakimu akabaki kambini na bibi yao, kwa sababu bibi hakuweza kuachwa peke yake. Hawakuwahi kutengana kabla ya hapo, hata tumboni walikaa pamoja, na sasa kati yao ilikuwapo safari ya basi na kibali ambacho hakipatikani hivi hivi. Agnesi hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na tabia moja tu: kila akisikia jambo la kuchekesha darasani, alinong'ona, "Hili nitamwambia Butoyi," kisha akakumbuka kwamba Butoyi hayupo.

Aikande alimsikia mara ya kwanza, akavumilia. Akamsikia mara ya pili. Mara ya tatu akasema mbele ya darasa zima: "Agnesi, Butoyi wako nitamleta hapa. Tutafanya warsha ya pamoja, shule yetu na shule ya kambini. Nimesema."

Darasa lililipuka kwa makofi. Jioni akaja barazani kwangu, rangi imemtoka.

"Mzee Mwinshehe, nimeahidi kitu ambacho sina."

"Kiombe kwa mwenye nacho."

Alienda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Vedasto, mtu mwema lakini mwenye woga wa kelele. Vedasto akamwambia, "Mimi kwa wakuu wa kambi sina sauti. Mwenye sauti ni Bwana Rodgers wa ofisi ya elimu. Nitamwalika Jumamosi aione hiyo warsha yako. Ikimpendeza, atatusemea na watoto wa kambini watakuja. Isipompendeza, Aikande, Jumamosi watoto wanarudi shamba la mihogo la shule. Na tafadhali, wakae kimya."

Bwana Rodgers tulimjua. Mchaga wa Rombo, suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata nyanya. Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi, hata msibani Mchaga na Mpare wakikutana lazima mmoja amchokoze mwenzake. Lakini Bwana Rodgers alishamwambia Aikande siku ya kwanza tu: "Mwalimu, mimi kazini sina mtani." Tena alikuwa mwoga wa maji. Miaka yote aliyokaa Kigoma hakuwahi kupanda hata mtumbwi uliofungwa kamba.

Mchezo aliokuja nao Aikande kutoka Dodoma ulikuwa rahisi. Unachora mstari wa chaki sakafuni, huo ndio mpaka. Kundi moja ni wageni wanaokimbia vita, kundi jingine ni wenyeji. Wenyeji wanaagizwa wakatae kila mtu, wawe wakali, wadai hiki na kile. Wageni wanaonja uchungu wa kukataliwa. Halafu wote wanakaa duara wanazungumza: ulijisikiaje?

Aikande akautazama mstari wa chaki, akaona haupendezi. "Hawa ni watoto wa ziwa," akaniambia. "Mpaka wao si chaki. Nitawapa mtumbwi." Akaazima benchi refu la kukalia wageni wa harusi, likafika asubuhi ile ile ya Jumamosi, hata nafasi ya kujaribu haikuwapo. Laiti angenishirikisha! Mimi nimezaliwa hapa, ningemwambia. Lakini nilikuwa nakata shati.

Basi Jumamosi ikafika. Wageni wakakaa kwenye benchi kama watu walio mtumbwini, Agnesi mbele kabisa kwa sababu yeye ndiye aliyewahi kusafiri safari yenyewe. Wenyeji wakasimama upande wa ubao, ndio ufukweni. Kiongozi wao alikuwa Dismasi, mtoto wa mvuvi mwingine wa Bangwe, mabega kama mlango, filimbi mdomoni.

"Dismasi," Aikande akamwambia, "hakuna kuruhusu mtu. Umeelewa? Hata mmoja."

"Nimeelewa, Mwalimu. Watarudi walikotoka."

"Uwe mkali."

"Hapa nilipo nimeshakasirika."

Bwana Rodgers akachelewa. Alipoingia, mchezo ulikuwa umeanza, na viti vyote vimerundikwa nje. Akaangaza, akaona benchi lina nafasi ndogo kule mbele, pembeni ya Agnesi. Akavuta mkunjo wa suruali, akakaa, mkoba mapajani.

Mimi nilikuwa nimesimama nje, dirishani pa darasa, sindano mdomoni. Nilimwona Vedasto akifungua mdomo, akaufunga. Ni nani atamwambia afisa wa elimu, samahani mheshimiwa, umekaa ziwani?

Agnesi peke yake ndiye aliyemgeukia. "Mheshimiwa, shikilia," akamwambia kwa adabu. "Tunakaribia kufika."

"Kufika wapi?"

Watoto wa kwenye benchi wakaanza kupiga makasia. Shaa! Shaa! Mawimbi wakayatoa kwa midomo. Wakayumba kulia, wakayumba kushoto, na Bwana Rodgers akayumba nao, atake asitake. Wa nyuma wakasukuma kwa miguu, benchi likakwaruza sakafu, ncha yake ikagusa ile sehemu iliyopangwa kuwa ufukwe.

Sasa hapa ndipo penyewe. Sisi huku mtumbwi ukigusa mchanga, aliye karibu anashika. Hujamjua mwenyewe, hujaona kilichomo, unashika. Ukiuacha, wimbi la nyuma linaugonga, linaupasua. Mtoto wa Bangwe analijua hili kabla hajajua kuvaa viatu. Ni kitu kilichomo mikononi, akili inasikia habari baadaye.

Dismasi akapuliza filimbi kwa ukali, akanyoosha mkono, akafungua kinywa aseme "Rudini!" Kilichotoka ni:

"Shikeeeni!"

Na ufukwe wote ukaruka. Wasichana, wavulana, wote wakalivamia benchi. "Eeeee, vuta! Eeeee, vuta!" Benchi likaenda, abiria juu, vumbi linapaa, Bwana Rodgers amemkumbatia Agnesi begani kwa mikono miwili akipiga kelele, "Simamisheni! Simamisheni! Mimi sijui kuogelea!" Na Agnesi anamtuliza, "Tumeshafika, mheshimiwa, maji ni ya magotini tu." Likapita ubao, likapita meza, likaenda kusimama nje mlangoni kwenye mchanga wa kweli. Hapo watoto wakafanya linalofuata kila siku kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotua: mizigo ikashushwa. Mkoba wa Bwana Rodgers ukaondoka kichwani kwa mtu. Mwingine akamletea kikombe cha maji. Mwingine akamwuliza amekula?

Dismasi akatazama filimbi yake kama imemsaliti.

"Dismasi," Aikande akasema kwa sauti nyembamba, "nilikwambia ukatae."

"Mwalimu, nilikuwa nakataa! Sema ulikuja na mtumbwi. Mtumbwi unavutwa kwanza."

"Hata wa adui?" akauliza Bwana Rodgers, bado ameketi, nywele zimesimama.

"Hata wa adui, mheshimiwa. Ukishauvuta ndiyo mnagombana vizuri."

Bwana Rodgers akainuka. Krrrrr! Msumari wa benchi ulikuwa umemshika, na suruali ile yenye mkunjo ikafunguka kutoka mfukoni hadi gotini. Akashika mchaniko kwa mkono mmoja, akavuka uwanja, hatua ndefu ndefu. Vedasto akamgeukia Aikande. "Jumatatu nitaagiza majembe," akasema. Na Agnesi akakaa chini kwenye benchi, mikono kwenye magoti. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilimwona mtoto yule akikaribia kulia.

Lakini jamani, mwanamume aliyechanika suruali Ujiji ataenda wapi? Nilifika barazani kabla yake, nikakaa kwenye cherehani kama sijaona lolote.

"Fundi," akasema, "una pazia?"

Nilikuwa nalo. Akaingia nyuma ya pazia, suruali ikatoka kwa juu, na kwa kuwa hana pa kwenda bila suruali, Mwanvua akampa kitenge chake. Kilikuwa cha rangi ya machungwa, kina picha za majogoo. Nikaanza kushona. Pole pole, niseme ukweli. Mshono mzuri hautaki haraka.

Aikande akaja, akasimama nje ya pazia. "Mheshimiwa, naomba radhi."

Akasogea karibu na pazia.

"Kosa ni langu. Ningechora mstari wa chaki."

Kisha akaja Agnesi, mkoba kichwani, kwa maana ndivyo ilivyo, mzigo wa mgeni unafuata mgeni. Akapiga hodi, akasogeza pazia kidogo. Nikamwona Bwana Rodgers ameketi kwenye kigoda, majogoo yamemzunguka, uso wa kiofisi.

"Mzigo wako, mheshimiwa."

"Asante. Wewe ndiye niliyekushika bega?"

"Ndiyo. Si kitu, mimi mwenyewe siku ile ya Kagunga nilimshika mtu shingo. Na sisi tulivutwa hivyo hivyo. Mmoja alinibeba mgongoni, akanitua mchangani kama gunia la dagaa, akarudi kubeba mwingine. Hata jina hakuniuliza."

Bwana Rodgers akaweka mkoba chini. Nikaona kwa upande wa jicho kwamba ameusahau mkono wake juu ya jogoo mmoja, anamkuna kichwa.

"Haya, mimi nakuuliza sasa. Wewe ni nani?"

"Agnesi. Bukuru. Butoyi wangu yuko kambini. Mwalimu alisema warsha ikikupendeza, wewe utawasemea, waje."

"Butoyi ndiyo nani?"

"Eliakimu. Pacha wangu."

"Ahaa." Akakohoa, akajiweka sawa kama anayeandika. "Na huyo pacha wako, yeye ana umri gani?"

Agnesi akafikiri kwa heshima. "Umri wangu, mheshimiwa. Ila mimi nimemtangulia kidogo."

Huku nje ya pazia nikasikia injini inakohoa. Moyoni nikasema, Aikande, usiwashe, nakuomba, usiwashe! Inakohoa, inakatika, inakohoa. Ikashika. Hahahaaa! Mwalimu akateleza na ukuta hadi chini, kanga ya Mwanvua mdomoni, haisaidii kitu. Mwanvua akadaka kicheko akapita nacho uani. Mimi mguu ulinitoroka, cherehani ikaenda peke yake, nikaushona mfuko wa afisa ukafungwa kabisa. Na nyuma ya pazia sauti nzito ikasema, "Nimeuliza umri wa pacha!" kisha ikapasuka, na Bwana Rodgers akacheka kicheko cha Rombo, cha kupiga paja, majogoo yanarukaruka.

"Mpare wewe!" akaita alipopata pumzi. "Umenizamisha kwenye nchi kavu!"

"Mchaga amezama kwa sababu ya uzito wa mfuko!" Aikande akajibu kutoka sakafuni.

"Sasa mtani, nakutoza faini."

"Nitakwenda mahakamani."

"Wapare ndiyo starehe yenu hiyo, siwapi. Faini ni makande. Watoto wa kambini wakija, wewe mwenyewe utawapikia makande, shule zote mbili, mpaka washibe. Na nisikie Mpare amepima kwa kijiko!"

Agnesi akatutazama mmoja mmoja. "Wakija?" akauliza. "Amesema wakija?"

"Nimesema wakija," akajibu Bwana Rodgers. "Fundi, suruali yangu."

Alitimiza. Alienda, akasema, akafuatilia, akaambiwa subiri, akasubiri, akasema tena. Mihogo ikaendelea kuota yenyewe, Jumamosi watoto wakabaki duara. Na asubuhi moja, Aikande akiwa ametoka jasho kwenye masufuria na Mwanvua akimimina mawese kwenye makande kila Mpare alipogeuka, tukasikia honi.

Basi la kambini liliingia uwanjani. Dereva, Feliksi, akapunguza mwendo, na gurudumu la mbele likagusa mchanga wa shule.

Mnajua kilichotokea. Dismasi hakuwa hata na filimbi.

"Shikeeeni!"

"Jamani!" Feliksi akapiga kelele dirishani. "Gari zima! Lina injini!"

"Maswali baadaye!" wakamjibu. Kamba ikafungwa mbele, wengine wakashika bampa, wengine wakasukuma nyuma. "Eeeee, vuta!" Watoto wa kambini ndani wakaelewa mara moja, wakaanza kupiga makasia madirishani, shaa, shaa! Bwana Rodgers, aliyekwenda mwenyewe kuwachukua na kukaa kiti cha mbele, alishika dashibodi kwa mikono miwili, akacheka, lakini hakuiachia. Vedasto aliyesema wakae kimya nilimkuta nyuma ya basi, tai begani, anasukuma.

Agnesi hakuvuta. Alisimama kando ya benchi letu la harusi ambalo mpaka leo hatujalirudisha, akahesabu kila kichwa kinachoshuka. Eliakimu akashuka wa mwisho. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameota kama mgomba, amempita dada yake kichwa kizima.

Wakatazamana.

"Butoyi," Agnesi akasema, "nisalimie. Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa?" Eliakimu akamwangalia kutoka juu. "Hebu jitazame kwanza."

Agnesi akapandisha mguu mmoja kwenye benchi, akapandisha wa pili, akajinyoosha, sasa yeye ndiye aliye juu. Akaweka mikono kiunoni.

"Nisalimie."

Eliakimu akajaribu kununa, mdomo ukamkataa. "Shikamoo, Bukuru."

"Marahaba," akasema Agnesi, na kabla neno halijaisha alishajitupa kutoka kwenye benchi. Eliakimu akamdaka. Wakaanguka wote wawili mchangani, na ilibidi tuwavute.